Oska na ndugu zake: ukubwa wa tangi na samaki wa kukaa nao

Kifaranga wa oska, samaki wa mapambo kutoka Amazon, anayeuzwa Dar es Salaam kwenye mfuko wa plastiki ana urefu wa kidole gumba. Ana michirizi ya chungwa juu ya weusi, na macho yake humfuata mtu anayemtazama. Mnunuzi akiuliza atamweka wapi, mara nyingi jibu ni hili: "Hata tangi dogo linatosha, bosi. Samaki hukua kulingana na tangi lake."

Jibu hilo limeua samaki wengi. Oska anayelishwa vizuri huongezeka kama sentimita mbili na nusu kila mwezi akiwa mchanga, hufikia sentimita 25 ndani ya mwaka mmoja hivi, na akikomaa kwenye tangi huwa kati ya sentimita 30 na 35. Akibanwa hapunguzi mahitaji yake. Anadumaa kwa sababu anaogelea kwenye uchafu wake mwenyewe, kisha anakufa mapema. Oska aliyepata nafasi na maji safi huishi miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo anayemleta nyumbani leo anapanga maisha ya samaki atakayekuwepo mpaka mtoto aliye chekechea amalize shule ya msingi.

Ndiyo maana nafasi ya tangi na samaki wa kukaa naye ni mambo ya kuamuliwa pamoja, tena kabla ya kununua chochote. Wengi huanza na tangi lililopo, wakajaza samaki waliowapendeza macho, halafu wakashangaa kwa nini wanauana. Njia ya salama inaanzia upande wa pili: chagua samaki mkuu, jua ukubwa wake akikomaa, jenga tangi la kumtosha yeye, kisha hesabu nafasi iliyobaki kabla ya kuwaza wenzake.

Inafaa kwanza kujua ukali wao unatoka wapi. Oska ni siklidi, ukoo mmoja na sato wa Ziwa Victoria na perege tunaowakaanga. Samaki wengi hutaga mayai na kuyaacha, lakini siklidi hulea. Perege dume huchimba shimo chini ya maji na kulilinda, na jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Oska wao husafisha jiwe bapa, jike hutaga mayai ambayo yanaweza kupita elfu moja, na wazazi wote wawili hukaa hapo wakimfukuza kila anayekaribia. Mtoni Amazon, anayefukuzwa huondoka. Kwenye kioo cha mita moja na nusu hana pa kwenda, na mzazi haelewi kwa nini adui bado yupo, hivyo anaendelea kumpiga. Vifo vingi vya ghafla kwenye matangi ya siklidi wakubwa vina chanzo hicho: wawili waliokuwa wapole mwaka mzima wamepevuka na kuchagua jiwe lao.

Tukija kwenye ukubwa, swali la lita peke yake linapotosha. Chukua matangi mawili. La kwanza lina urefu wa sentimita 60, upana 60 na kimo 90. La pili lina urefu 120, upana 60 na kimo 45. Yote mawili ni lita 324, wala hayapishani hata tone. Lakini sakafu ya la kwanza ni sentimita za mraba 3,600 na ya la pili ni 7,200, mara mbili kamili. Siklidi hugawana mipaka yao sakafuni, kwa hiyo tangi la pili lina ardhi mara mbili ya kugawana. Uso wa maji nao ni mara mbili, na hapo ndipo hewa inapoingia. Zaidi ya hayo, msukumo wa maji kwenye kioo hutegemea kina, kwa hiyo tangi refu la kwenda juu linadai kioo kinene na cha bei zaidi. Mwenye tangi la kwanza amelipa zaidi akapata nusu ya nafasi.

Kanuni ya kuhesabu sentimita za samaki kwa lita za maji nayo iachwe kabisa kwa samaki wa aina hii. Samaki wa sentimita 30 ana urefu mara kumi wa yule wa sentimita 3, lakini ameongezeka pia unene na kimo, kwa hiyo uzito wake, kama maumbo yanafanana, ni mara elfu moja hivi. Anachokula na anachotoa vinafuata mwili wake wote, havifuati rula. Oska mkubwa anaweza kupita kilo moja. Samaki wadogo wa kuogelea kwa makundi hawawezi kulinganishwa naye kwa njia yoyote ya kujumlisha urefu.

Mimi huanza na upana wa tangi. Samaki aliyekomaa ageuke bila kukunja mkia kwenye kioo. Kwa oska, sentimita 45 ni kumwezesha tu, na 60 ndiyo raha yake. Urefu usipungue mara nne ya mwili wake. Hivyo oska mmoja anaweza kuishi kwenye tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, yaani lita 243, ila huo ndio mwisho wa kubana, na hapo asiwekewe mwenzake yeyote. La 150 kwa 60 kwa 50, lita 450, linamfaa kweli, au linawafaa wawili waliojichagua wenyewe. Ukitaka tangi lenye oska na samaki wengine wakubwa, anza na 180 kwa 60 kwa 60, lita 648.

Hizo lita 648 ni kilo 648 za maji kabla hujaweka kioo, mchanga, mawe na stendi. Nyumba ya chini yenye sakafu ya zege haina shida. Anayekaa ghorofani aliweke tangi karibu na ukuta unaobeba jengo, na aulize mtu wa ujenzi kwanza. Stendi ya chuma ya kuchomelea ndiyo ninayoiamini zaidi hapa Dar, kwa sababu mbao zilizoshikanishwa kwa gundi huvimba kwa unyevu wa Pwani. Fundi aweke pima maji juu yake pande zote nne kabla tangi halijapanda, maana stendi iliyoinama kidogo hupasua kioo cha chini bila onyo. Kwa kina cha sentimita 60 na urefu huo, kioo cha milimita 12 pamoja na mikanda ya kioo juu ndiyo kawaida. Na silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya kuziba bafuni huwa na dawa hiyo, na inaua samaki.

Jambo ambalo mkazi wa Dar anatakiwa kulifikiria kuliko mtu wa nchi ya baridi ni hewa ndani ya maji. Maji ya nyuzi joto 25 hubeba oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushuka mpaka kama 7.5. Samaki mwenyewe kwenye joto huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Kati ya Januari na Machi maji ya sebuleni hufika nyuzi 30 bila hita yoyote, kwa hiyo pesa ya hita ipeleke kwenye pampu ya hewa.

Joto hilo linahusika pia na uchafu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria waliojishika kwenye kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na wewe huiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga, kwa hiyo tangi jipya lisipewe samaki mkubwa siku ya kwanza. Sasa, amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole. Kadiri maji yanavyokuwa ya moto na pH (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi inapopungua) inavyopanda, ndivyo ile kali inavyozidi. Kutoka pH 7 kwenda 8, sehemu iliyo kali huongezeka karibu mara kumi. Kosa la kulisha kupita kiasi ambalo lingesameheka kwenye maji baridi ya Njombe, kwenye maji ya moto ya Dar yenye pH ya juu linaua usiku mmoja.

Na umeme ukikatika? Bakteria wa kichujio nao wanapumua. Kichujio cha kopo kilichofungwa kikisimama kwa saa kadhaa, bakteria wake huanza kufa, na umeme ukirudi kinasukuma maji hayo machafu moja kwa moja kwa samaki. Kwa sababu hiyo napendelea tangi dogo la wazi lililowekwa chini ya tangi kubwa, maji yakishuka humo kupitia sifongo na kurudishwa juu na pampu. Linavuta hewa lenyewe na linaongeza ujazo wa maji. Juu ya hilo weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme unapoondoka, imeunganishwa na kichujio cha sifongo. Ni kifaa kidogo, na kwa samaki wa kilo moja ndicho kitakachoamua kama utamkuta hai asubuhi. Umeme ukiwa haupo, usilishe.

Maji yenyewe ni suala lingine. Ya bomba, yanayotoka Mto Ruvu kwa sehemu kubwa, huwekwa klorini. Klorini ya kawaida huondoka yakikaa kwenye simtank au ndoo wazi kwa siku moja, upesi zaidi ukiyapulizia hewa. Dawa ya kuondoa klorini hufanya kazi papo hapo. Visima vya maeneo mengi ya jiji vina chumvi, na hayo si ya kukisia: yapime chumvi, ugumu (yaani madini kama chokaa yaliyoyeyuka) na pH kabla ya kumwaga. Oska na wenzake wengi huvumilia pH kati ya 6 na 7.5 hivi, hata zaidi kidogo, ilimradi yasiyumbe. Kinachowaumiza ni kubadilishiwa ghafla. Badilisha asilimia 30 mpaka 50 ya maji kila wiki, na kama huna pa kuhifadhi kiasi hicho cha maji tayari, tangi la lita 648 bado si lako.

Mchanga usichukuliwe ufukweni. Wa Coco Beach au Kigamboni umejaa vipande vya kome na matumbawe, ambavyo ni chokaa tupu, na polepole hupandisha ugumu na pH. Mchanga wa mtoni ulioachwa na mafundi, ukichekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe, unafaa kabisa.

Sasa wenza. Kila samaki unayemwaza muulize mambo manne: je, anaingia mdomoni? Anatoka kwenye maji ya aina gani? Ana tabia gani wakati wa kutaga? Anakaa sehemu gani ya tangi? Swali la kwanza linamaliza nusu ya orodha. Oska hafikirii mara mbili: kinachoenea mdomoni ni chakula, hata kama waliishi pamoja miezi sita kwa amani. Kambale wadogo wenye miiba kwenye mapezi ni hatari ya pande mbili, kwa sababu miiba hujifunga wima na kukwama kooni, akafa aliyemezwa na aliyemeza.

Swali la maji ndilo linalokosewa sana hapa kwetu, kwa sababu nzuri. Tanzania ni nyumba ya siklidi. Wale wenye rangi za buluu na njano wa Ziwa Nyasa na wa Ziwa Tanganyika ni fahari yetu, na mtu hutamani kuwaona kwenye kioo kimoja na oska. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yenye pH karibu 9, na yale ya Nyasa yanazunguka 8. Mito mingi ya Amazon ina maji laini, na ile ya maji meusi kama Rio Negro ina pH chini ya 5. Isitoshe, siklidi wengi wa mawe wa Ziwa Nyasa hula mwani na chakula chenye nyama nyingi huwaletea uvimbe wa tumbo, ilhali oska anataka nyama. Na wale wadogo wana kasi, wanakimbiza na kung'ata mapezi. Oska mkubwa, mzito, anaishia kujibanza pembeni. Wapewe matangi mawili.

Siklidi wa Amerika ya Kati nao huuzwa wakiwa wamechanganywa na wa Kusini. Yule aliyepewa jina la bondia Jack Dempsey, kwa mfano, anatoka upande wa Mexico na Honduras. Wengi wao ni wakali kuliko wa Amazon wa ukubwa uleule. Flawahoni, siklidi chotara aliyezalishwa na watu huko Malaysia miaka ya 1990, mpe tangi lake peke yake.

Ninayempenda zaidi kuwa jirani wa oska ni severamu, samaki wa jenasi Heros. Hufika kama sentimita 20, mwili wake ni wa duara na kimo, kwa hiyo hamezeki akishakua. Hupenda majani na mboga. Mpe njegere zilizochemshwa na kumenywa uone. Hagombei chakula kilekile cha oska, na ugomvi wake mwingi ni wa kutunisha mapezi tu.

Kwa sehemu ya katikati, silva dola sita au zaidi. Ni samaki bapa wa fedha, sentimita 15 hivi, wenye mwendo. Kundi lao likiwa tulivu, oska naye hutulia, kwa kuwa samaki wakubwa huchukulia hofu ya wadogo kama dalili ya hatari. Ila angalia unachouziwa. Paku mchanga hufanana nao sana, na yeye hupita sentimita 60. Mwenye tumbo jekundu, ambaye pia hudhaniwa kuwa piranha, mara nyingi ni yeye.

Sakafuni kuna Geophagus, siklidi anayechuja mchanga. Kumtazama akila ni mojawapo ya mambo mazuri kwenye ufugaji huu. Anainama, anachota mdomo mzima wa mchanga, anautafuna taratibu, kisha mchanga safi unamwagika nyuma ya matamvua kama unga kwenye chekeche, na punje ya chakula imebaki ndani. Kwenye changarawe kubwa anashindwa na kujiumiza. Anataka wenzake watano au sita, mchanga laini wa sentimita nne hivi, na majirani wasiokuwa na fujo. Mpole huyu akae na oska kwenye tangi kubwa kweli tu. Akikaa na severamu bila oska, tangi la 150 kwa 60 linakuwa zuri mno.

Pleko wa kawaida, aina ya kambale, huuzwa kama "msafisha tangi" akiwa wa kidole, naye hufika sentimita 40 na zaidi, na anachafua kuliko anavyosafisha. Mmoja anatosha, na mhesabu kama samaki mkubwa mwingine. Grini tera, Andinoacara rivulatus, anatoka upande wa magharibi wa Andes huko Ecuador na Peru; dume lake hupita sentimita 20 na ana hasira kuliko oska. Huwezekana pamoja kwenye mita 1.8, lakini mimi simshauri mwanzaji. Arowana wa fedha hukaribia mita moja na anaruka. Cichla temensis, siklidi mkubwa mwindaji, hupita sentimita 90 mtoni na uzito wa kilo kumi. Hao wawili ni wa mabwawa, na picha zao kwenye simu zisikudanganye. Kuhusu diskasi na samaki malaika, wao ni Waamazon wapole, diskasi akitaka maji ya nyuzi 28 mpaka 30. Samaki malaika ndiye anayehitaji kimo cha tangi kwa ajili ya mapezi yake marefu. Kuwaweka na oska ni kumlisha kwa gharama kubwa.

Wakishachaguliwa, waingie wakiwa wachanga na kwa pamoja. Kama mmoja amekwisha kutawala, siku ya kuleta mgeni hamisha mawe na magogo yote ili mipaka ya zamani ipotee, mlishe mwenyeji kwanza, zima taa, ndipo umwachie mgeni. Weka vizuizi vinavyokata macho: gogo katikati, jiwe refu pembeni. Anayefukuzwa akipotea machoni kwa sekunde chache, mara nyingi anasahauliwa. Na uwe na kipande cha kioo au wavu kilichokatwa kwa kipimo cha tangi, kimesimama nyuma ya stendi tangu siku ya kwanza. Mdomo wa bomba la kutagia ukichomoza chini ya tumbo la jike na wawili wakaanza kung'arisha jiwe, kizuizi hicho kinaingia siku hiyohiyo, bila kusubiri mtu ang'olewe jicho.

Wapo watakaozidi tangi hata hivyo. Mto Msimbazi, Ruvu au bwawa la jirani si mahali pa kuwapeleka. Oska walioachiwa majini wamekwisha kujizatiti Florida, na pleko wanachimba kingo za maji huko na Mexico. Sisi tuna ushahidi wa karibu zaidi: sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, furu wa aina nyingi mno walipotea ndani ya miongo mitatu, na hao furu walikuwa siklidi wasiopatikana popote duniani. Perege wa asili wa mito yetu ya Pwani hawana ziwa lingine la kukimbilia.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwulize muuzaji kama hupokea samaki waliokua, na kama hapokei, tafuta mfugaji mwenye bwawa la zege au tangi kubwa akukubalie mapema. Kisha ndipo upeleke vipimo kwa fundi wa vioo: 180 kwa 60 kwa 60, milimita 12, mikanda juu.